Miwati, mikaratusi au grevilea: angalia kwanza ukungu wa shamba lako

Shemeji yangu ana hekta moja na nusu juu ya Sake, karibu na Goma, mashariki mwa Kongo, upande ambao barabara ya Masisi inaanza kupanda. Amechoka na viazi, anataka miti ya makala, yaani mkaa, na swali lake kwangu lilikuwa fupi: muwati au mkaratusi? Nilimrudishia swali ambalo halikumfurahisha. Nilimuuliza hivi: mwezi wa kumi na moja, saa tatu asubuhi, akilivuka shamba lake kutoka juu hadi chini, suruali yake inalowa hadi wapi?

Alidhani namchezea. Lakini kama ningeruhusiwa kumuuliza kila mtu wa Goma anayenunua miche msimu huu swali moja tu, ningeuliza hilo. Wauzaji wa miche wanazungumzia haraka: huu miaka mitano, ule saba. Haraka ina thamani yake, hasa kwa mzazi mwenye minervali, yaani karo, za watoto wanne. Ila hesabu hiyo inafanywa kana kwamba mti hautaugua, na miti inaugua zaidi ikiwa michanga, wakati ambapo mwenyewe hajapata hata kuni ya kuchemshia chai.

Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Ukungu ni ule mweupe unaolala bondeni alfajiri, na ukungu ni ule wa kijivu unaoota juu ya mkate uliokaa. Waliotuachia neno hilo hawakuwa na darubini, lakini waliona kwamba wawili hao wanatembea pamoja. Ulinganisho wangu wote umekaa juu ya neno hilo.

Kutu unayoijua tayari

Aliyelima maharagwe Rutshuru au Masisi amewahi kugeuza jani akakuta vipele vya kahawia vinavyotoa unga. Mwenye kahawa upande wa Minova au Idjwi anaujua unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Hizo zote ni kutu, na kutu ni kuvu. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu: sugua kwa kidole au kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, una kutu. Kisipotoka, jani limekufa kwa sababu nyingine, na usinunue dawa kwanza.

Kutu ya maharagwe haipandi mtini, wala ya kahawa haishuki kwenye maharagwe. Kila moja ina mwenyeji wake, na nyingine zina wenyeji wawili, nitakuja huko. Wanachofanana wote ni kiu. Spora, yaani ile chembe ya unga, hubebwa na upepo mbali sana, lakini ikitua juu ya jani kavu haina la kufanya. Inataka jani libaki na utando wa maji kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku hadi asubuhi, katika ubaridi wa wastani. Ndipo inaota na kuingia ndani. Hali ya hewa ya milima yetu, kati ya mita 1,500 za Goma mjini na mita 2,000 na zaidi za Masisi, inaipa ubaridi huo karibu mwaka mzima. Maji ndiyo yanayotofautiana, na yanatofautiana hata ndani ya shamba moja: mgongo wa kilima unakauka saa mbili asubuhi, bonde linasubiri hadi saa tano.

Watu wa Kibumba huwa wananiambia kwamba kwao ni mawe ya volkano, maji hayakai. Ni kweli kwa mizizi. Jani lililo juu halijali kama chini kuna jiwe au tope.

Miberoshi ya wenzetu ina mlango wa pili

Nchi za baridi zimehangaika na kutu ya miti michanga kwa zaidi ya miaka mia, na jambo moja katika mahangaiko yao linatusaidia kuchagua. Mti wao ni mberoshi wa jamii ya Abies, wenye jina ambalo wasomaji wa Biblia wanalikuta pamoja na mierezi kwenye ujenzi wa hekalu la Suleimani. Mashamba ya miberoshi michanga, hasa yale ya miti ya Krismasi, hushikwa na kutu zinazokula sindano za mwaka huo. Sindano zinapata malengelenge meupe au ya chungwa, zinanyauka, zinadondoka, na mti unabaki na uwazi ambao mnunuzi hautaki.

Sasa, kutu nyingi za mberoshi haziwezi kumaliza mzunguko wa maisha juu ya mberoshi peke yake. Moja lazima ivuke kwenda kwenye gugu refu lenye maua ya waridi linaloota palipoungua moto, irudi mwaka unaofuata. Nyingine zinavuka kwenda kwenye kangaga. Ya tatu, inayoitwa kitaalamu Melampsorella caryophyllacearum, inavuka kwenda kwenye magugu madogo ya kutambaa; hiyo haiishii kwenye sindano, inageuza tawi la mberoshi kuwa kichaka cha vijitawi vilivyosongamana kama ufagio, na shina linavimba.

Kwa hiyo mwenye miberoshi ana mlango wa pili wa kufunga. Anafyeka kangaga na magugu yale kuzunguka shamba, anakata mafagio, anapunguza miti ili upepo upite, na kutu inapungua bila dawa. Si njia ya uhakika. Marekani waliijaribu kwa ukubwa mkubwa kwenye msonobari mweupe, ambao kutu yake ya malengelenge, iliyoingia mwanzoni mwa karne ya 20, huvuka kupitia vichaka vya jamii ya Ribes. Watu walitumwa misituni kung'oa vichaka hivyo kwa miongo kadhaa. Palifaa mahali, pengine hapakufaa, mwishowe wakaiacha na kutegemea zaidi kupogoa matawi ya chini na kutafuta miti yenye ukinzani.

Miti tunayobishania mimi na shemeji haina mlango huo. Kutu ya muwati inazaliwa, inakua na kusambaa juu ya muwati huohuo. Ya mkaratusi vilevile inabaki ndani ya ukoo wake. Hakuna gugu la kufyeka litakalokuokoa baada ya kupanda, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika siku unapoamua mti upi na uukalishe wapi.

Muwati

Nianze na sifa, maana unazo. Muwati, Acacia mearnsii, asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia, na milima yetu umeipenda kama kwao. Makala yake ni mazito na yanakaa kwenye babula, jiko letu la makala. Mama anayeuza gunia hahitaji kuelezwa. Mizizi yake inatia naitrojeni ardhini, na ukishakata, viazi vinavyofuata vinajionyesha vyenyewe. Miaka miwili ya kwanza unaweza kulima maharagwe katikati. Gamba lake lina tanini nyingi ya kutengenezea ngozi. Njombe, Tanzania, kuna kiwanda kilichojengwa juu ya biashara hiyo. Mimi kwangu gamba linaishia kuwa kuni.

Kasoro ya kwanza: ukiukata, kisiki kwa kawaida kinakufa. Hauchipui vizuri kama mkaratusi. Kasoro ya pili inaonekana kama sifa. Mbegu zake zina ganda gumu, zinalala ardhini miaka mingi sana, na moto unaziamsha. Ukichoma makala ndani ya shamba, mvua ikinyesha unapata zulia la miche uliyopewa bure. Watu wanaifurahia, wanaiacha ilivyo, na baada ya mwaka mmoja wana msitu uliosongamana kiasi kwamba mbuzi hapenyi. Ndani ya msongamano huo majani hayakauki.

Sasa kutu. Mwaka 2013, mashamba ya miwati ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, yalionekana na kutu iliyotambuliwa baadaye kuwa Uromycladium acaciae, ambayo nayo asili yake ni Australia. Inaanza na madoa na unga wa kahawia kwenye majani, kisha vijani vinashikamana na kujikunja. Kukiwa na mvua, unga unakuwa kama ute wa chokoleti. Mti mchanga unadumaa, unatoa utomvu, ncha zinakufa. Mti mkubwa unaumia pia lakini unavumilia zaidi. Wakulima wakubwa wa huko walilazimika kuanza kupulizia dawa ya kuvu mashamba ya miaka ya mwanzo, jambo ambalo halikuwamo katika hesabu zao kabla.

Hao ni wenye mashine na maelfu ya hekta. Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa Ethiopia, wilaya ya Fagita Lekoma, kaskazini-magharibi. Wakulima wadogo wa huko walipanda ndugu wa muwati, Acacia decurrens, wakichanganya na tefu, nafaka ya huko, mwaka wa kwanza, wakikata na kuchoma makala baada ya miaka minne au mitano, kisha wanaanza upya. Ilikuwa biashara nzuri. Vilima vilivyokuwa vipara vikawa kijani, nyumba za mabati zikaongezeka. Kisha kutu ikaingia miaka ya karibuni na miti michanga ikakauka mashamba kwa mashamba. Kila mtu alikuwa amepanda mti uleule, umri uleule, bega kwa bega. Ukisimama juu ya Sake ukatazama chini, utaona kwa nini mfano huo haunitoki kichwani.

Mkaratusi

Mkaratusi nao una kutu yake. Inaitwa Austropuccinia psidii, na ilielezwa mara ya kwanza Brazil mwaka 1884, juu ya mpera. Kutoka kwa mpera na jamaa zake wa huko ikarukia mikaratusi iliyoletwa kutoka Australia, ambayo haikuwa imewahi kukutana nayo. Ilifika Hawaii 2005, Australia yenyewe 2010, na Afrika Kusini mwaka uleule wa 2013 na katika jimbo lilelile la KwaZulu-Natal, safari hiyo kwenye bustani ya maua. Unga wake ni wa njano kali, kama manjano ya kupikia iliyomwagika juu ya jani changa.

Tofauti yake na ile ya muwati ndiyo inayonifanya nielekee huku. Kutu hii inashambulia vilivyo laini tu: majani mapya, vichwa vya miche, machipukizi. Mkaratusi ukishavuka miaka miwili hivi, majani yake magumu hayaingiliki kirahisi. Kwa mti unaokatwa mwaka wa sita au wa saba, muda wa hatari ni mfupi. Tena kisiki kinachipua, na unaweza kuvuna mara tatu au zaidi kutoka shina moja. Mti ukiharibika kichwa mwaka wa kwanza, unaukata chini na kuanza upya bila kununua mche.

Lakini angalia mtego: kila ukikata, unarudisha ujana. Machipukizi ya kisiki ni laini kama mche wa kitaluni. Wengi wetu tunakata mwishoni mwa kiangazi, Agosti, ili mvua za Septemba zichipushe haraka, na ni sawa kwa kukua. Kwa shamba la bondeni lenye ukungu, ni sawa na kuandaa meza. Bondeni ningekata mapema kidogo, Juni, nikubali uchipuaji wa polepole, ili majani yawe yameanza kukomaa mvua zikifika. Na ningebakiza machipukizi mawili au matatu kwa kila kisiki, siyo ule mkungu mzima.

Yanayosemwa dhidi ya mkaratusi mengine ni ya kweli. Unakunywa maji. Kupanda mikaratusi juu ya chemchemi inayonywesha kijiji ni ugomvi na majirani, na watakuwa na haki. Maharagwe chini yake baada ya mwaka wa pili ni kupoteza mbegu. Makala yake yako chini kidogo ya yale ya muwati kwa uzito. Lakini una soko ambalo muwati hauna: sitiki za ujenzi, nguzo, mbao, hata chukudu, zile skuta za mbao zinazobeba mizigo yetu hapa mjini, hutumia mkaratusi. Bei ya makala ikianguka, unasubiri mwaka mmoja na kuuza sitiki.

Na mpera? Kama kitalu kiko chini ya mpera mkubwa, mimi nanunua kwingine. Huo ni uangalifu wangu tu, haunigharimu kitu.

Grevilea, na wengine kwa haraka

Grevilea unaijua kwenye mipaka ya mashamba: majani kama manyoya, chini yake rangi ya fedha. Haina vurugu na mazao. Mizizi inashuka chini zaidi kuliko kupanuka, majani yanadondoka na kuwa matandazo, na ukipogoa kila mwaka unapata kuni bila kuua mti. Mbao zake ni nzuri kwa meza na milango. Maadui wake ni mchwa na vidonda vya gamba mahali pakavu. Kutu si hadithi yake. Kwa makala iko nyuma, ni mepesi, na mtu anayeishi kwa magunia hatashiba nayo. Lakini mwenye robo hekta anayetaka kula maharagwe na kupata kuni asipoteze muda na miti mingine yote.

Misipresi: kabla hujaamua, waulize wazee waliokuwa na ua wa misipresi miaka ya 1990. Chawa wa msipresi, mdudu mdogo wa kahawia, alionekana Malawi mwaka 1986 na ndani ya miaka michache akawa ameenea Afrika Mashariki hadi kwetu, akikausha miti kuanzia ndani kwenda nje. Nyigu mdogo anayemla aliletwa kumpunguza, na mti umerudi mashambani. Bado, mbao zake zinataka miaka ishirini na zaidi, na kisiki hakichipui. Ni mti wa mwenye subira na hati ya ardhi.

Misonobari: sindano zikiwa nyekundu kwa mistari, usikimbilie kusema kutu. Fanya kile kipimo cha kidole. Kuna kuvu nyingine, Dothistroma, inayochora mikanda myekundu kwenye sindano bila kutoa unga huo, na ndiyo iliyowafanya Kenya waache msonobari aina ya radiata miaka ya 1960, kwa sababu iliushika mti ukiwa mchanga. Msonobari wa patula ulihimili. Kwa makala, wote wawili siwapendekezi.

Tukiiweka ubavu kwa ubavu

Ukiniuliza kwa gunia la makala peke yake, kwenye mgongo wa kilima wenye upepo, muwati unashinda. Ukiniuliza ni mti upi utaniacha na kitu mkononi ugonjwa ukija, mkaratusi unashinda kwa sababu ya kisiki chake. Ukiniuliza mti upi utanilisha wakati nasubiri, ni grevilea, na muwati unafuata kwa miaka ile miwili ya mwanzo. Kwa udongo uliochoka, muwati. Kwa karibu na maji, mkaratusi ukae mbali kabisa. Kwa ardhi ya kukodi, hakuna hata mmoja: mwenye ardhi anajua kwamba mti ni dai, na hatakuruhusu, na ukipanda kwa kuficha utamwachia yeye.

Mradi wa EcoMakala, ambao shirika la mazingira la WWF liliuanzisha hapa Kivu ya Kaskazini mwaka 2007 ili makala ya Goma yasiendelee kutoka katika misitu ya Virunga, ulizoesha wakulima wengi kupanda miti hii kama zao. Hilo ni jema sana, na vilima vya njia ya Sake vinashuhudia. Kilichobaki mikononi mwetu ni mchanganyiko. Jirani akipanda miwati, na wewe miwati, na wa tatu miwati, mmeunda shamba moja kubwa bila kukubaliana.

Kuhusu dawa nitasema wazi: kwa miti ya makala, usiiweke kwenye mpango. Kahawa inapuliziwa kwa sababu ni fupi na kilo yake ina bei. Hekta ya miwati iliyopandwa mita mbili kwa mbili ni miti 2,500. Ikifika mita sita juu ya mteremko, pampu ya mgongoni haifiki kileleni, na hata ingefika, gharama ingekula makala yote. Weka pesa hizo kwenye nafasi. Mita tatu kwa tatu ni miti 1,111, utaona uchache, mwaka wa kwanza majirani watakucheka, lakini jua la asubuhi litafika kwenye majani ya chini. Kwa mkaratusi wa sitiki nyembamba hutaki umbali huo. Mbili na nusu kwa mbili na nusu, miti 1,600, inatosha mahali pakavu. Palilia miaka miwili ya kwanza bila huruma, kwa kuwa nyasi ndefu zinashika umande kuzunguka mche. Mistari ifuate kontua kwa ajili ya mmomonyoko, na kila baada ya mistari kadhaa acha uchochoro wa kupandisha upepo kutoka chini. Kwa zulia la miwati lililoota baada ya moto, ng'oa tisa, acha mmoja.

Kitaluni ndipo nilipoharibikiwa mimi. Msimu wangu wa kwanza nilifunika miche ya miwati kwa bashi, yaani turubai, usiku na mchana, nikiogopa mvua ya mawe, na nikamwagilia kila jioni. Baada ya wiki mbili miche ilianza kulala chini, shina limelainika pale linapogusa udongo. Haikuwa kutu, ni kuvu za udongo, lakini kosa ni lilelile: nilitengeneza ukungu mwenyewe na kuulipia bashi. Mama mmoja mwenye kitalu njia ya Sake aliyaona mabaki akaniambia, "Papa, mwagilia asubuhi. Mche unalala mkavu." Tangu hapo namwagilia asubuhi. Kwa muwati pia nimeacha kununua miche ya mbali. Mbegu inahitaji kuchovywa kwenye maji ya moto ili ganda lipasuke, kwa hiyo nachovya, nasia mwenyewe, na sibebi majani ya mtu kuleta shambani kwangu. Spora husafiri kwenye nguo na magurudumu pia. Panga na buti nikitoka shamba la wengine, naviosha.

Shamba la shemeji

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Tulifika saa tatu kasoro, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Juu, karibu na njia ya ng'ombe, suruali zetu zilibaki kavu, kulikuwa na kaupepo na jua lilikuwa limeshapita. Katikati zililowa hadi chini ya goti. Chini, karibu na kijito, nililowa hadi paja, na shemeji akaacha kucheka.

Kwa hiyo nilimpendekezea hivi. Theluthi ya juu ni miwati, mita tatu kwa tatu, maharagwe katikati kwa miaka miwili. Katikati ni mikaratusi ya sitiki, na atakata Juni. Chini, kwa kuwa kuna kijito, hakuna mkaratusi wala muwati: grevilea kwenye mipaka na viazi vyake alivyodai kuvichoka vinabaki katikati. Hajakubali mita tatu. "Shemeji, unaniachia uwanja wa mpira," alisema, na tukashuka tukibishana hadi Sake. Tulipokula sombe pale stendi alikuwa amekubali mbili na nusu, nami nimemwachia, ila kwa sharti kwamba mwaka wa tatu nikija na panga asiniulize nakata mti upi.